Bahasha ya Tano

Udongo wa utafiti wangu niliuchimba Namatala, nikaukanda nyuma ya nyumba ya shangazi huko Nabuyonga, Mbale. Matofali ya tanuri kutoka nje yalikuwa yameacha kuja, na shahada yangu ya pili ilitegemea kama udongo wetu ungeweza kushika nafasi yao. Nilifinyanga vijiti vya majaribio, vinene kama kidole, nikavikausha na kuvitia kwenye bahasha nane, vitano vitano. Ya kwanza ilikuwa na udongo mtupu, wa kulinganishia. Nyingine nilizichanganyia dawa mbalimbali. Ya tano ilikuwa na unga wa bariamu, sumu ambayo pia huua panya.

Kiwanda kimoja cha Jinja kilinipa nafasi katika tanuri lake, siku moja tu. Ndani ya basi nilirudia kwa Kiswahili majibu yangu kwa askari wa barabarani: barua ya chuo hii hapa, mhuri huu hapa.

Kwenye kizuizi askari hakuisoma barua. Alitoa bahasha moja mkobani mwangu, akanusa kijiti.

"Profesa, wewe iko na mimba?"

Abiria walicheka. Sokoni wajawazito huuziwa udongo wa kula uliofinyangwa vivyo hivyo. Miezi yote ile sikuwa nimeliona hilo.

"Ni wa masomo, afande."

"Bibi yangu nakula hii kila siku. Napelekea yeye."

Akaitia mfukoni. Namba tano.

Kama ningetamka neno sumu, ningekuwa mtu aliyekamatwa na sumu mbele ya jeshi. Kama ningenyamaza, mkewe angeula udongo ule jioni. Nilianza kukokotoa kama vijiti vitano vingetosha kuua, kisha nikajigundua nakokotoa.

"Afande, hiyo ina mchanga, itamuumiza meno. Chukua hii, laini." Nikampa ya kwanza.

"Kumbe unajua mambo ya wanawake." Akanirudishia ya tano, akaruhusu basi lipite.

Jinja, fundi wa tanuri alizipanga bahasha saba mezani, akauliza udongo mtupu uko wapi. Nilimwambia nimeusahau Mbale.

"Basi tunachoma nini? Utalinganisha na nini?"

Nafasi nyingine haikuwapo, naye alijua. Nilimwomba tone la asidi, nihakikishe kwamba sumu yote ilirudi nami na hakuna kijiti kilichobaki kwa askari, kwa kuwa bariamu ile hutoa povu ikiguswa nayo. Kijiti cha bahasha ya tano kilitoa povu. Nikajaribu cha pili, na cha tatu, hadi vyote vitano vikaisha.