Neno Nililompa Hedimani

Ilianza Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu hedimani, mkuu wa mtaa wetu hapa Changamwe aliyewekwa na serikali, aliitoa saa yake mfukoni mara tatu nilipokuwa nikiandika, kana kwamba Kiingereza hufasiriwa kwa mbio.

Aliniita mimi kwa kuwa karani wake alikuwa kitandani. Homa ya kifua ilikuwa imeshaingia nyumba nyingi, skuli yetu ya misheni ikafungwa, nami nikarudi nyumbani. Mtaani kwetu msichana aliyefika sekondari ni mimi peke yangu, na kwa hilo watu hunidhania jasiri. Si kweli. Nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu, sauti hunikauka.

Barua ilitoka kwa daktari wa serikali. Ilisema homa hii hupita kwa mate na pumzi, kwa hiyo kila anayemwuguza mgonjwa afunike pua na mdomo. Vitambaa vya shashi vilivyoletwa ndani ya boksi ni vichache, wapewe wauguzi wa zahanati. Watu wengine wote wakate leso kuukuu, waikunje mara nne, waichemshe na kuianika juani kila siku. Basi. Mambo mepesi kabisa.

Kilichonishinda ni neno moja. Hicho kitu cha kufunika uso nikiiteje? Nikawakumbuka mabibi wa kisiwani niliowaona utotoni, macho tu yakionekana. Nikaandika: "Kila auguzaye na avae barakoa." Nikajiona fundi wa lugha.

Hedimani alisoma, akacheka hata tumbo likatikisika.

"Barakoa! Mwanangu, wataka niwaambie makuli wa bandarini wavae barakoa kama mabibi wa Kiarabu?"

"Hapana, baba. Ni kitambaa tu."

"Haya, nimeelewa. Nenda, nisalimie mamako."

Saa kumi alasiri akaitisha baraza. Nilikaa chini karibu na mama.

"Daktari ameleta barua," hedimani akasema. "Mnawe mikono, msiteme mate ovyo. Ama hao wanaosema tufunge midomo kwa vitambaa, hayo hayafai kitu! Nguo hukusanya uchafu, ukavuta pumzi ukajiongezea maradhi. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Mwanamke anayeuza mbaazi karibu na bomba akainua mkono. "Na hiyo barakoa tuliyoisikia, bwana mkubwa?" Maana kichekesho kilikuwa kimeshazunguka mtaa mzima.

"Barakoa ni ya mke wa sultani. Wewe wauza mbaazi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka. Mimi masikio yaliwaka moto. Mama alikuwa amepanga safari: kesho yake asubuhi aende Jomvu Kuu kumwuguza mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyekuwa akikohoa siku ya tatu. Angemlisha, angempangusa, angelala naye chumba kimoja.

Njiani nikamwambia barua ilivyosema.

"Mtu mzima yule," akanijibu. "Asimame mbele za watu aseme uongo? Kwa faida gani?"

"Mama, barua nimeisoma mimi."

"Na barakoa uliiandika wewe pia."

Nikageuka, jua bado halijazama, nikarudi kwa hedimani. Nilimkuta barazani kwake na mkewe na wanawe, wote wamefunga shashi nyeupe usoni. Yake ameiteremsha kidevuni ili anywe kahawa. Boksi liko wazi mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Barua ilisema leso yafaa."

Hakukasirika hata kidogo. Afadhali angekasirika.

"Ningesema yafaa, wangenijia wote kuitaka hii shashi. Zahanati ikose?"

"Lakini leso kila mtu anayo."

Akapiga funda la kahawa. "Nikisema leso, wataniuliza mbona mimi nina shashi. Wewe mtoto, uongozi huujui. Na neno lako lile lingewachekesha tu."

Nilitoka pale kwa hasira. Uchache ningeuelewa. Tangu vita vianze tunapanga foleni ya sukari na mafuta ya taa. Nani kwetu asiyejua maana ya "hazitoshi"? Angesema hazitoshi, tungekata leso zetu tukaenda zetu. Yeye akaona heri mama yangu avute pumzi ya mgonjwa, mradi asiulizwe swali moja barazani. Na alipotaka kutuchekesha tusifikiri, alitumia neno langu! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Daftari langu lilikuwa na nakala ya kwanza ya tafsiri yangu. Nikaifuta barakoa kwa mstari mnene, juu yake nikaandika: kitambaa cha mdomo.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, nilikwenda bombani, wanawake wamepanga madebe. Nilikuwa nimefunga kipande cha leso usoni, na kikanisaidia: hakuna aliyeona midomo ikitetemeka. Nikasoma barua yote kutoka daftarini, neno kwa neno, hata pale pa boksi la shashi.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo barakoa?" akauliza muuza mbaazi.

"Siyo. Neno nilikosea mimi. Ni leso."

"Leso ninayo," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama alikuwa nyuma, kikapu cha safari ya Jomvu mkononi. Akaniita.

"Abee, mama."

Akakiweka kikapu chini, akainama. Nikamfunga leso puani na mdomoni, fundo la nyuma nikalipiga mara mbili.