Siku Waziri wa Chakula Alipoingia Jikoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka mpaka leo nina mvi hadi kwenye nyusi. Kila nikinusa harufu ya wali ulioungua, hata ukiwa wa jirani, nanyanyuka nilipokaa nikahamia upande mwingine wa nyumba. Mke wangu hucheka, maana kisa anakijua. Leo nakupa wewe, kwa kuwa unakwenda chuo, na chuoni kuna mambo mengi ambayo hayamo katika vitabu.

Mimi nilizaliwa Mbwera, kule kwenye visiwa na vijito vya delta, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Nilisoma kwa taabu na kwa bahati, nikapata nafasi katika tawi dogo la chuo lililokuwa hapa Kibiti zamani hizo, kabla halijahamishwa. Usifikirie maghorofa. Yalikuwa majengo manne, mabweni mawili, bwalo moja la chakula, na mikorosho kila pembe. Tulikuwa wanafunzi kama mia tatu, tukijuana kwa majina, kwa vijiji, na wengine hata kwa kukoroma.

Mwaka wa pili niligombea uongozi wa wanafunzi, nikachaguliwa kuwa Waziri wa Chakula. Kazi ya waziri huyo ilikuwa moja tu: kupokea malalamiko ya wenzake na kuyafikisha kwa wahusika. Lakini vijana walipoanza kuniita "mheshimiwa", kichwa kikavimba. Nikawa natembea kwa kujivuta kama mwenye kitambi, ilhali tumbo langu lilikuwa limegusana na mgongo. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma.

Mpishi mkuu wetu alikuwa Bi Hawa, mama wa makamo kutoka Utete, mfupi, mpana, mwenye maneno machache. Alipika kwa kuni, yeye na wasaidizi wawili, tangu tawi lilipofunguliwa. Wali wake ulikuwa mzuri, punje haishikani na mwenziwe. Maharage yake, sitakuficha, yalikuwa na mawe. Hazikupita siku mbili bila kusikia mtu ameng'ata jiwe, kacha! Kisha bwalo zima linampa pole.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Jiko lilikuwa hatua thelathini kutoka bwaloni. Ningekwenda, nikamwamkia, nikasema lililonileta, nikarudi. Mimi sikufanya hivyo. Nilitafuta kalamu ya wino mwekundu, nikaandika karatasi bila kutia jina, na alasiri moja wenzangu wakiwa mpirani nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Mnaona siku hizi kwenye makundi yenu ya WhatsApp watu wanavyojificha nyuma ya picha za maua wakatukana? Msidhani mmeanza nyinyi.

Karatasi ilisema hivi: "Mpishi huyu hajui kazi. Maharage yake kokoto, wali wake aibu. Aondolewe! Sisi tuliozaliwa katika mashamba ya mpunga ya Mbwera tunaujua wali. Hata mimi mwanamume ningempita, nikiwa nimefumba macho."

Neno la maharage lilikuwa kweli. Neno la wali lilikuwa uongo. Nililiongeza ili maandishi yavume.

Yakavuma. Siku ya pili yake watu walikuwa wanayakariri kama kaswida. Mkuu wa tawi, mzee mmoja mpole wa miwani aliyechukia fujo kuliko kitu chochote, akatuita sote bwaloni. Bi Hawa naye akaitwa, akaja na khanga yake ya jikoni, mikono bado ina unga.

"Kama wanafunzi hawamtaki mpishi," mkuu akasema, "nitatafuta mwingine. Sitaki kelele."

Bi Hawa akaomba neno. "Mkuu, kuondoka sikatai. Ila huyu anayepika kafumba macho, namwomba aje apike siku moja tu, macho wazi. Akiweza, mie nafunga vitu vyangu narudi Utete, wala sitamnung'unikia mtu."

"Nani ameandika?" mkuu akauliza.

Nikaangalia juu kwenye kenchi za paa kana kwamba nimeagizwa kuzihesabu. Baadaye nikahisi shingo inapata moto. Kushusha macho, nyuso mia tatu zimenigeukia mimi.

"Wamejuaje?" nikamnong'oneza Chande, rafiki yangu wa bweni moja.

"Mheshimiwa," akanijibu, "hapa chuoni katoka nani mwingine Mbwera?"

Ndivyo nilivyopangiwa kupika chakula cha mchana cha Jumamosi.

Sasa nikueleze jambo ambalo siku ile sikumweleza mtu. Mpunga niliujua. Tangu mdogo nimekaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, nikifukuza ndege shambani. Na wali niliujua pia, ukiwa kwenye sinia. Safari ya katikati, kutoka ghalani hadi kwenye sinia, ilikuwa ya mama na dada zangu, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba ni safari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumamosi nikaingia jikoni baada ya sala ya alfajiri. Bi Hawa alikwishakaa kwenye kigoda, mikono kaikunja. Masharti yalikuwa kwamba wasaidizi watanibebea tu, lolote lisiulizwe wala kujibiwa.

Nikaanza na maharage. Nikapewa ungo. Nikachagua, nikachagua, macho yakaanza kuona mawili mawili. Jua lilipokuwa limeshapanda nilikuwa sijamaliza hata robo ya gunia lililotakiwa, na rundo la mawe pembeni lingetosha kusakafia choo. Nikatazama huku na huku, kisha maharage yaliyobaki nikayamimina sufuriani kama yalivyo. Nikamwona Bi Hawa ananitazama.

Ikaja zamu ya wali. Sufuria tatu, kila moja ungeweza kumwogeshea mtu mzima ndani yake. Nikauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Maji hapa huwa kiasi gani?"

"Weye si ndiye mzaliwa wa mpungani?" Bi Hawa akasema.

Nikakumbuka kumwona dada yangu akipima maji ya wali kwa pingili ya kidole. Nikatumbukiza kidole. Lakini kidole cha kupimia wali wa watu sita, kwenye sufuria ya watu mia, kinakuambia nini? Nikaogopa maji ni machache, nikaongeza ndoo. Nikaogopa ni mengi, nikaongeza mchele. Nikaona moto mdogo, nikasukuma kuni zote. Jiko likanguruma. Mwiko wa pale ulikuwa mrefu kama kafi, na mimi mtoto wa vijitoni nikaushika kama kafi, nikapiga kasia kwenye ule wali mpaka mmoja wa wasaidizi, Zuhura, akajifunika uso kwa upande wa khanga, mabega yanamtikisika.

Nilipofunua, mwanangu, nilikuta nimejenga. Chini mkaa. Katikati uji mzito. Juu mchele mbichi umekaa umetulia kama haukuambiwa kwamba leo kuna kazi. Sufuria zote tatu, ghorofa tatu tatu. Jina la "Ghorofa" lilianzia hapo, na wapo wazee wenzangu mjini hapa wasionijua kwa lingine.

Nje wanafunzi walikwishaanza kugonga sahani. Nilikaa chini kwenye majivu. Sikulia, lakini kama ungenigusa ningelia.

Hapo Bi Hawa akainuka kutoka kwenye kigoda chake. "Watu watashinda na njaa kwa ajili ya mashindano yetu? Hapana. Zuhura, mbuzi za nazi ziko wapi? Nyote kaeni mkune. Na weye mheshimiwa, shika mbuzi."

Yule mama akafanya mambo ambayo hata leo sijui niyaite nini. Akauengua wali mbichi wa juu kwa upawa bila kugusa wa kati. Akauhamisha wa kati kwenye sufuria safi bila kugusa uliowaka. Akatia tui, akatia chumvi, akaponda iliki, akapunguza kuni, akafunika. Baada ya muda si mrefu yakatoka mashendea, ule wali laini wa tui, yananukia mpaka mikoroshoni. Mchele ule mbichi akaupika upya kwa mvuke, makaa juu na chini, ukawa chakula cha waliochelewa. Nami nilikuna nazi mpaka ncha za vidole zikachubuka.

Tukapakua. Wanafunzi wakala, wakanyamaza, na unajua kwamba ukimya wa walaji ni sifa. Halafu wakaanza kupiga meza. "Waziri! Waziri! Waziri!" Wakanitoa mlangoni kwa jiko, wakanibeba juujuu hadi mbele ya meza ya mkuu wa tawi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapunga mkono.

Nasema haya nikiwa na aibu mbichi kabisa. Maneno yalikuwepo mdomoni, "Si mimi, ni Bi Hawa," maneno matatu na jina la mtu, hayakutoka. Makofi ni matamu. Nikajiambia nitasema baadaye, watu wakitulia. Ndivyo mwongo anavyojibembeleza.

Mkuu wa tawi alikuwa anakula taratibu, anatikisa kichwa. "Kumbe inawezekana," akasema. "Nikiri kuwa nilidhani kijana huyu anajisifu. Basi, kama tulivyokubaliana..." Akageuka kumtafuta Bi Hawa, ambaye alikuwa amesimama kwenye dirisha la kupakulia, anafuta upawa wake kwa khanga. Hakunikazia macho wala hakukunja uso. Alikuwa anasubiri tu aambiwe aende, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mkuu akachota kijiko cha maharage, akatia kinywani.

Kacha!

Mkuu akashika shavu. Machozi yakamjaa nyuma ya miwani, na kwa mazoea ya miaka mingi akapaza sauti: "Bi Hawa! Mawe tena!"

Nikaona wazi kabisa kwamba nikinyamaza hapo, wali wake utakuwa wangu na jiwe langu litakuwa lake. Hata mimi, na ubichi wangu wote, jambo hilo lilinishinda kumeza.

"Mkuu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, "jiwe ni langu. Huo wali unaousifu ndio wake."

"Sema kwa sauti!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Jiwe ni langu, wali ni wake! Twendeni jikoni mkaone!"

Wakaenda. Mkuu mbele, shavu mkononi. Wakaziona sufuria tatu zilizoungua, ukoko mweusi umenata kama lami. Mkuu akainama, akachungulia, akavua miwani akaifuta, akachungulia tena. "Huyu ametaka kupika," akauliza, "au kuchoma matofali?" Mwanangu, nilichekwa siku ile. Nilichekwa na wanafunzi, na wasaidizi, na mlinzi wa lango, na mwishowe na Bi Hawa mwenyewe, aliyecheka mpaka akashika ukuta. Na hapo ndipo nikajua kwamba haondoki.

Alasiri nilikaa nje nikisugua sufuria kwa mchanga na majivu. Nilijipa adhabu mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Bi Hawa akaja na kigoda chake, akakaa karibu.

"Nisamehe, mama," nikamwambia.

"Nimeshasamehe ulipotaja lile jiwe," akasema. "Mawe yapo, wala si uongo. Sisi jikoni watatu, nyie mia tatu, na gunia lenyewe umeliona. Nilikuwa naona haya kuomba msaada, nikadhani nitaambiwa nimezeeka. Ungenijia ukasema, 'Bi Hawa, mawe yamezidi,' ningekupa ungo, ukaita na wenzio. Kosa lako wala si kusema. Kosa lako ni kunisema ubaoni, bila jina, na kunizidishia lisilokuwepo. Mtu unayekula upishi wa mkono wake, mwanangu, unashindwaje kumtazama usoni?"

Nikaendelea kusugua. Kuanzia wiki ile, kila alasiri, wanafunzi kumi walikaa chini ya mikorosho na nyungo kuchagua maharage, kwa zamu. Mawe yakaisha. Na tuliokaa pamoja kwenye nyungo zile tulipatana hata zaidi ya tuliokaa pamoja darasani. Chande alipata mke hapo hapo, lakini hicho ni kisa chake, sitamwingilia.

Basi sikiliza. Huko unakokwenda utakuta mambo ya kukukera: chakula, maji, bweni, mwalimu anayechelewa, mwenzako anayeacha taulo mbichi kwenye kitanda chako. Sikuambii unyamaze, maana anayenyamazia mawe hung'oka meno. Sema. Lakini kwanza nenda ulipo mzigo, uunyanyue kidogo, uone uzito wake. Ukuni ulio uchagani hucheka ulio motoni. Kisha mwendee mwenyewe, kwa salamu na kwa jina lako. Sema lililopo, usitie chumvi. Na siku watu watakapokupigia makofi kwa kazi ya mwingine, mwanangu, usingoje watulie. Sema hapo hapo, makofi yakiwa bado moto, hata sauti ikitoka nyembamba. Ukichelewa, itakubidi umeze, na jiwe lile halimezeki.

Nenda kwa heri. Mola akutangulize kwenye kheri na akuepushe na shari za ulimi wako mwenyewe kabla ya za ndimi za watu. Akukutanishe na wenye subira, nawe akujaalie uwe mmoja wao. Elimu yako iwe nuru kwa waliokulea na kwa watakaokulisha, na siku utakayorudi tukuone umeongezeka akili bila kupungua adabu. Amina.