Seva Ilipoizuia Adhana

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani kwangu Chuno lazima nirudi kuhakikisha jiko nimelizima, na hata nikishahakikisha, njia nzima naliwaza jiko. Labda ndiyo maana nilikabidhiwa seva ya redio.

Redio yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vitatu na mnara, hapo mjini Mtwara. Ilianza miaka ya elfu mbili, na watu waliipendea jambo moja hasa: mwezi wa Ramadhani ilikuwa na adhana ya jua la kwetu. Redio za Dar es Salaam zinaadhini Magharibi wakati jua la Mtwara limeshazama, na mtu aliyeshinda na njaa akiokota korosho hataki kungojea jua la wenzake.

Kabla sijaajiriwa, mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva kupitia ukurasa wetu wa salamu mtandaoni. Akapenya hadi kwenye folda ya vipindi vya dini, akaweka muziki wa matusi mahali pa mawaidha ya Ijumaa. Ukasikika mji mzima, hadi vijijini Mtawanya na mbele ya Mtawanya. Mkurugenzi alizunguka misikitini kuomba radhi, na aliponiajiri akaniambia, "Binti yangu, funga kila kitu. Hata mimi nikija, nisipite."

Nikamchukulia neno kwa neno. Kwa kawaida, kwenye kompyuta, mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome na nani asilisome. Mimi niliweka sheria nyingine juu ya hiyo, zinazosimamiwa na mfumo wenyewe, zisizojali mwenye faili ni nani wala ana cheo gani. Kila faili likabandikwa lebo, kila programu ikawekewa mipaka. Programu ya salamu iguse salamu tu. Programu ya kurusha sauti isome mafaili yenye lebo ya matangazo tu. Kisichotajwa kwenye sheria, marufuku. Mfumo huo pale ofisini tuliuita mlinzi. Wenzangu walinicheka kwamba nimezidi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka hata kwa niaba ya wengine.

Mama yangu alikuwa huko chini, upande wa mdomo wa mto Ruvuma. Alikuwa na sukari, macho yameanza kuingia ukungu, na daktari alishamkataza kufunga. Nilipomkumbusha aliniuliza, "Kwani huyo daktari naye anafunga?" Msimu wa korosho alihamia kwenye kibanda cha shambani, peke yake, na simu aliizima ili chaji isiishe. Jua likizama hakuliona vizuri, kwa hiyo alifuturu kwa redio. Akivuta muda na njaa ile, na vidonge vya sukari alivyokunywa daku, angeweza kuanguka. Jambo hilo nililala nalo na kuamka nalo mwezi mzima.

Siku moja mchana mkurugenzi akaniletea adhana mpya, ya muadhini kijana mwenye sauti nzuri. Nikaiweka kwenye folda yangu, nikaisafisha kelele, kisha nikaihamishia mahali pake, nikafuta ile ya zamani kama alivyotaka. Jioni wanaume wote wakaondoka kwenda kufuturu kwao. Tukabaki wawili, mimi na mtangazaji wa zamu, msichana mdogo kwangu.

Magharibi ikaingia. Akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba ruhusa imekataliwa. Nikatazama: faili lipo, ni langu, nimeruhusu lisomwe na kila mtu. Nakala ya adhana ya zamani ilikuwa kwenye CD, CD ilikuwa kabatini kwa mkurugenzi, na ufunguo ameondoka nao.

"Dada, tufanyeje?"

"Tangaza kwa mdomo."

Akatangaza kwamba Magharibi imeingia kwa Mtwara na vitongoji vyake. Kuadhini hatukuweza, sisi ni wanawake, na hakuna msikilizaji ambaye angetuelewa. Lakini nilijua tangazo halitoshi. Ramadhani iliyotangulia mtangazaji mmoja alisoma saa vibaya, watu wakafuturu jua linawaka, wakalipa siku ile. Tangu hapo huko mashambani walisema mdomo wa mtangazaji ni mdomo tu. Mama alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Nikampigia. Simu imezimwa.

"Si umzime huyo mlinzi wako," akasema mtangazaji. "Dakika moja tu, adhana ipite."

Ilikuwa amri fupi. Nikaiandika, kidole kikabaki hewani. Wiki ile nzima nilikuwa nimeona watu wakibisha kwenye ukurasa wa salamu, wakijaribu hili na lile ili wapenye. Nikiwafungulia saa hii, yale matusi yatarushwa badala ya adhana. Nisipofungua, mama yuko pale na bakuli lake la uji, anangoja. Nilimchukia mkurugenzi, nikaichukia ile seva, nikajichukia mimi na sheria zangu.

Nikaifuta amri, nikafungua kumbukumbu za mlinzi. Alikuwa ameandika wazi alichokizuia: programu ya kurusha imetaka kusoma faili lenye lebo ya nyumbani kwa mtumiaji. Nikaelewa. Faili ukilinakili, nakala hupewa lebo ya mahali inapowekwa. Ukilihamisha, linakuja na lebo yake ya zamani. Mimi nilihamisha. Nikaandika amri ya kurudisha lebo inayostahili, nikamwambia, "Bonyeza."

Adhana ikatoka. Mtangazaji alikunywa maji huku analia, mimi tende sikuigusa.

Asubuhi nikaenda shambani. Nilimkuta mama ameketi mkekani, uso umemvimba. Jirani yake akaniambia jana jioni alimkuta amelala chini anatetemeka, bakuli la uji limejaa pembeni yake, akamnywesha maji ya sukari.

"Adhana yenu ilichelewa," mama akasema.

"Msikitini hawakuadhini?"

"Waliadhini. Upepo ulikuwa unatokea kule, nikasikia."

"Na mtangazaji?"

"Nilimsikia pia."

"Sasa kwa nini hukufuturu, mama?"

"Yenu ilikuwa haijaja," akasema. "Si unaiweka wewe?"

Nilikasirika mpaka nikaogopa ningemkosea adabu. Nikamwambia kuanzia leo asikie yoyote, ya msikiti, ya Dar, ya mtoto anayecheza njiani, afuturu. Na kufunga kwenyewe aache. Akaitikia, "Haya, mwanangu," kwa upole sana.

Jioni nilikuwa studio mapema. Nikakagua lebo ya faili, nikakagua tena, nikarusha adhana kwa majaribio ndani ya chumba. Mtangazaji akaniuliza nahangaika nini na kila kitu kiko sawa. Nikamwambia mama ameniahidi kufuturu kwa adhana yoyote atakayoisikia.

"Basi vizuri," akasema.

Lakini mama namjua. Saa ile alikuwa ameshaketi, bakuli liko mbele yake, na hapakuwa na muadhini duniani ambaye angemfanya ainue kijiko kabla ya adhana yangu.