Chakula cha Mgomba wa Ombeni

Harufu ya maganda ya ndizi yaliyoanza kuoza huwakera watu wengi. Mimi hunisimamisha. Nikipita nyuma ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi baada ya mvua, rundo la takataka likifuka mvuke, hupunguza mwendo, na wapita njia hunishangaa, mwanamke mzima, navuta pumzi mahali ambapo wenzangu wanaziba pua. Wao sijawahi kuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Cimpunda, nyumba yetu imebanwa na nyingine juu ya mteremko, hata mahali pa kupanda mchicha hatukuwa napo. Papa, baba yangu, alikuwa seremala. Mdogo wangu Ombeni alipofariki kwa homa, kabla hajaanza kutembea, mama hakutaka azikwe mjini. Tulimpeleka Mudaka, nje ya mji, kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Koko, tukamlaza pembeni mwa shamba lake. Koko akapanda chipukizi la mgomba karibu na kaburi, ili mahali pasipotee.

Miezi ikapita. Tuliporudi kupalilia, tuliukuta ule mgomba umedumaa, majani ya chini yamegeuka manjano, shina jembamba kama mkono wangu. Mama aliushika kwa mikono miwili.

"Maman, mbona iko hivi?" alimuuliza Koko.

"Udongo imechoka, mwana wangu. Zamani ng'ombe yangu ilikuwa inakula majani ya hapa, samadi inabaki hapa. Wakati ya vita bakaibeba. Sasa ndizi inaenda Bukavu, maharage inaenda Bukavu, na maganda yote munaitupa kule kwenu mu bonde. Shamba inatoa tu. Hakuna kitu inarudi."

Mimi, kwa akili yangu ya mtoto, nilielewa jambo moja tu: Ombeni ana njaa.

Nadhani mama naye alielewa hivyo hivyo, kwa sababu tangu siku ile hakutupa ganda tena. Aliweka gunia nyuma ya mlango. Maganda yetu yalipokuwa machache alienda kwa majirani, mlango kwa mlango, akiomba maganda ya ndizi na mihogo, makapi ya maharage, majivu ya makaa. Walimpa, kisha wakamtazama mgongoni. Nzi walihamia kwetu. Papa hakula vizuri siku hizo.

"Batu banasema uko na wazimu," alimwambia jioni moja.

"Baache baseme," mama alijibu, akaendelea kumenya.

Gunia likijaa, tulipanda taxi-bus kwenda Mudaka, mimi nikiwa nimebanwa kati ya mama na ule uvundo. Safari moja kijana aliyekuwa akipokea nauli alishindwa kuvumilia.

"Maman, hii gunia inanuka! Umebeba nini?"

"Chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya mutoto."

Gari zima likacheka, hata mimi nikacheka kidogo, kwa aibu. Mama hakucheka. Alitazama dirishani mpaka tukashuka.

Nyumbani nilimsimulia Papa kama kichekesho. Alikuwa akipiga randa ubao. Aliiweka randa chini, akaniuliza mama alijibu nini hasa, nikayarudia yale maneno. Safari iliyofuata, mama alipoinama kujitwika gunia, Papa alilitoa mikononi mwake. Alilibeba begani, katika shati lake la kanisani, akashuka nalo mteremko mzima wa Cimpunda mbele ya macho ya majirani, maji ya maganda yakimchirizika mgongoni. Akapanda nasi gari. Hakuna aliyecheka.

Koko alitufundisha kuchimba mfereji kuuzunguka mgomba, si karibu sana na shina, kumwaga yale maganda na majivu, kisha kufunika kwa majani makavu. Nilikuwa na hamu ya kufukua kila tuliporudi. Mwanzoni nilikuta maganda meusi, mateketeke. Baadaye sikukuta maganda kabisa. Palikuwa na udongo mweusi unaovunjika vidoleni, na nyungunyungu wanene wakikimbia mwanga. Mgomba ukatoa jani jipya, pana, la kijani kizito. Mama alilipangusa vumbi kwa kiganja, jinsi unavyompangusa mtoto uso.

Ulipozaa, Koko aliukata mkungu akapika sehemu yake na maharage. Sahani ilipofika mbele yangu nilianza kulia. Waliniuliza nina nini, nikasema kweli: sitaki kumla Ombeni.

Kijiko cha Papa kilisimama hewani. Mama alinivuta karibu, akaniambia taratibu, "Hapana, mwana. Hii ni maganda ya kwetu, na ya Maman Furaha, na ya jirani bote. Tuliileta, sasa inaturudilia. Kula." Akala yeye kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu mazishi, kumwona akimaliza sahani. Ndizi zilizobaki alizipeleka Cimpunda, akazigawa mlango kwa mlango, kwenye milango ile ile.

Miaka baadaye, shuleni, mwalimu alituchorea ubaoni mviringo wenye mishale: udongo, mmea, mnyama, mizoga na majani yanayooza, na kurudi tena udongoni. Wenzangu walinakili. Mimi niliitafuta barabara ya Mudaka, ile tuliyopitisha magunia yetu, katika ule mviringo, sikuiona.

Wala mchoro ule haukunieleza habari ya mama. Hilo nilingoja mpaka nilipojifungua mwanangu wa kwanza, nikaona jinsi mikono inavyomzoea mtoto upesi, inavyoamka kabla yako, inavyotafuta wa kumlisha. Utotoni niliamini tulikuwa tukienda Mudaka ili Ombeni asikae na njaa. Kumbe Ombeni alikuwa amepumzika. Ni mikono ya mama iliyokuwa na njaa, na mgomba ule ulikubali kulishwa nayo.