Nguzo Zilizoinama za Ukumbi wa Kurui

Nilimwonea wivu Aikande. Nimelikana jambo hilo kwa miaka mingi, tena kwa ukali. Mume wangu aliwahi kuniuliza mezani, "Hivi huyo Aikande amekufanya nini? Kila siku lazima tule wali naye?" Nikamjibu kwamba mimi ni msomi, na msomi haoni wivu, anatofautiana na wenzake kitaaluma. Alicheka mpaka akapaliwa. Leo nakiri kwako, mwanangu, kwa sababu juzi umenitumia ujumbe mrefu kuhusu mwenzako mpya kazini, na kila nilipoendelea kuusoma nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Ipo wiki moja ambayo haijanitoka kichwani. Ofisi yetu ya kuchora majengo ilikuwa Tumbi, Kibaha, ghorofani juu ya duka la dawa. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini na bado najiita kijana. Aikande alitufikia akitoka chuo, binti wa familia ya Kichaga iliyohamia Misugusugu. Alikuja na programu mpya: badala ya kuchora mistari, unajenga jengo zima ndani ya kompyuta, unalizungusha, unaingia mlangoni, unainua macho kutazama dari. Wageni wakifika walikuwa wakisimama nyuma ya kiti chake. Nyuma ya kiti changu palikaa ndoo ya kudekia.

Hayo ningeyavumilia. Nina shahada iliyowekwa fremu sebuleni, kubwa kuliko fremu ya picha ya harusi, na nilikuwa naiangalia kila asubuhi kabla ya kutoka. Lakini ikaja kazi ya ukumbi wa Kurui. Kurui ya Kisarawe, mwanangu, kwetu, nilikozaliwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mjomba Athumani, kaka wa mama yangu. Na mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeshatangaza kwenye harusi ya binamu yangu kwamba mchoraji ni mimi, kabla bosi hajasema lolote.

Bosi akampa Aikande.

"Zuhura, ukumbi ule una nguzo za kuinama," alisema Injinia Shomari bila kuinua macho. "Hizo zinataka programu ya Aikande. Wewe nifanyie vyoo."

Vyoo! Nilirudi kwenye kiti changu nikachora vyoo kwa hasira ambayo vyoo havijawahi kuchorewa. Hata hivyo nawajua kinamama wa kwetu, kwa hiyo niliweka mahali pa kutundika kanga kila mlango, na kijukwaa cha kuwekea ndoo, nikaviandika kwa maneno kabisa ili fundi asije akavisahau.

Zile nguzo zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Zilianzia chini kwenye msingi, zikainama kuelekea nje kadiri zinavyopanda, mpaka zinalipokea paa pana kwa juu. Kwenye kioo cha kompyuta ya Aikande zilipendeza kiasi kwamba nilikwenda kunywa maji.

Tatizo likaanza alipofungua mchoro wa sakafu, yaani ule unaotazama jengo kutoka juu. Akaniita.

"Dada Zuhura, samahani. Hebu niangalizie. Nikilitazama jengo kwa ubavu, nguzo ziko sawasawa. Nikija kwenye sakafu, zimeruka. Ona, msingi uko hapa kwenye alama, nguzo iko kule nje, shubiri nzima. Zote! Na mimi sijazigusa."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha, nimeiombea."

Nikainama kutazama. Mara ile ile nikajua.

Mchoro wa sakafu, mwanangu, ni jengo lililokatwa usawa wa kifua cha mtu mzima, kisha ukachungulia kutoka juu. Nyuma ya nyumba yetu Kurui kulikuwa na mpapai ulioinama kuelekea kwa jirani. Baba alipoukata usawa wa kifua, pale panga lilipopita hapakuwa juu ya mizizi. Palikuwa karibu na ua wa jirani. Ndivyo nguzo ya kuinama ilivyo. Kompyuta ilikuwa inaonyesha pale ilipokatwa, si pale ilipokanyaga. Hapakuwa na kosa lolote. Kilichotakiwa ni kuchora unyayo wa kila nguzo kwa mstari wa vipande vipande, ili fundi ajue mguu uko wapi na kifua kiko wapi. Ni kazi ya mchana mmoja, na maelezo yake hayazidi kikombe cha chai.

"Mdogo wangu," nikasema, "mimi ni mtu wa vyoo. Programu zenu hizo sizijui."

Na kweli programu sikuijua. Ndiyo raha ya uongo wa namna hiyo, unaweza kuapa juu yake.

Siku zilizofuata nilimwangalia Aikande akihangaika, na lazima niseme usingizi wangu ulikuwa mtamu. Alikuwa akija na mtori wa ndizi kwenye hotipoti na kunikaribisha. Sasa alikuwa anausahau mpaka unapoa. Nilikuwa najiambia kwamba simfanyii ubaya wowote. Nimekaa tu kwangu. Siku ya Ijumaa akaja mezani kwangu uso ukimng'aa.

"Dada, nimelimaliza! Nimezivuta zote ndani kidogo, mpaka zikakaa kwenye alama. Ona, hakuna inayoruka tena."

Nikatazama, mwanangu. Alikuwa ameirekebisha picha kwa kuliharibu jengo. Vifua vya nguzo sasa vilikuwa kwenye alama, kwa hiyo miguu ilikuwa imesogea ndani ya ukumbi, ikatoka kwenye msingi, na vichwa visingelifikia paa, ambalo mbao zake zilikuwa zimeshakatwa kwa vipimo vya mwanzo. Kwa kulitazama jengo zima lisingeonekana hilo. Shubiri moja ni kitu gani kwenye ukumbi mzima? Ila chini ya paa lile wangekaa shangazi zangu.

"Hongera," nikasema.

Bosi alikuwa na safari. Akatazama, akaona kila kitu kimekaa kwenye mstari, akasaini. Mchoro ukatumwa Kurui kwa simu jioni ile ile.

Jumapili nilikuwa napiga pasi sare za watoto, ujumbe wa sauti ukaingia. Sauti ya Mjomba Athumani, na nyuma yake watu wanacheka. "Zuhura mwanangu, mchoro wako tumeuona, mashallah! Mafundi wameshavuta kamba kwa kufuata nguzo zako, kesho asubuhi wanachimba. Kijiji kizima kinakusifu weye."

Nikakaa kitandani na pasi yangu. Nilikuwa nimepata vyote nilivyovitamani. Nikinyamaza, sifa ni yangu mpaka paa likatae. Nikisema kosa ni la Aikande, nimekuwa mwokozi, na ile programu yake na kile kiti chake vinaingia doa lisilotoka. Nilizipima njia zote mbili kwa muda ambao mtu mwema asingeuhitaji.

Kabla sijakueleza nilichofanya, pokea nasaha zangu, maana baadaye utakuwa unacheka. Sikuambii usione wivu. Mimi mwenyewe bado naona, juzi tu nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya pazia lake. Ila jua kwamba wivu una macho makali. Utamchungulia mwenzako kuliko bosi anavyomchungulia, na utaliona tatizo lake kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukishaliona, limekuwa lako pia. Liseme hapo hapo, hata kama sauti inatoka kwa shida, hata kama humpendi. Kwa sababu mtu aliyeachwa peke yake na kitu asichokielewa hatakaa mikono mitupu. Atakwenda kukinyoosha kilichokuwa sawa. Na Mungu akujalie, mwanangu, meza iliyo jirani na mtu hodari kukupita, na akupe kifua cha kukaa naye hapo mpaka mzeeke.

Basi, nilizima pasi nikapiga simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umesikia vigelegele?"

"Nimesikia. Mjomba, kesho wasichimbe. Nguzo hazijakaa mahali pake."

Kicheko cha nyuma kikakatika. "Kakosea nani?"

"Mimi. Niliona mapema nikanyamaza. Na mchoro ule si wangu, Mjomba. Umechorwa na msichana wa ofisini, anaitwa Aikande. Nampigia sasa hivi nimweleze, halafu kesho nakuja naye awaelekeze mwenyewe."



"Nilikuwa nashangaa," akasema Mjomba. "Weye tangu mtoto vitu vyako vimenyooka kama fimbo. Nikasema, nguzo za kuinama kazitoa wapi Zuhura? Haya, mlete huyo binti, tutampikia. Sasa weye umechora nini?"

"Vyoo, Mjomba."

"Lo! Vile vyenye pa kutundika kanga?" Akageuka kuwaambia waliokuwa nyuma yake, na vigelegele nilivyovisikia safari hii, mwanangu, vilikuwa vyangu.