Lalamiko la Mke Wangu

Jumanne moja ya Aprili nilimzika mke wangu. Cherehani yake haikuwepo nyumbani. Wiki moja kabla, wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, walikuja wakaibeba kwa deni lake.

Kesho yake, tukiwa matangani Temeke, jirani alifungulia Bunge redioni. Mbunge aliuliza ni wananchi wangapi wameumizwa na wakopeshaji wasio na leseni. Waziri alishukuru kwa swali zuri, akaisifu sheria, kisha akasema takwimu rasmi hazionyeshi lalamiko lolote. Wabunge wakagonga meza.

"Mheshimiwa kashamaliza tatizo," alisema shemeji yangu. "Sie ndio hatujaambiwa."

Jumatatu nilikwenda na barua ya malalamiko ofisi ya serikali ya mtaa, ili mke wangu naye ahesabiwe. Mtendaji aliisoma barua yangu.

"Pole, mzee. Ila mlalamikaji lazima aje asaini mwenyewe."

"Nimemzika Jumanne."

"Basi asaini mdhamini wake."

Mdhamini nilikuwa mimi. Mkataba wa mkopo ule niliusaini bila kuusoma. Safari hii nilisoma kwanza, nikasaini.

Mtendaji aliipokea barua, akaiweka mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.