Kilomita Nane za Mzee Mwinshehe

Mzee Mwinshehe wa Ujiji aliendesha magari kwa miaka thelathini, na nadhani hakuwahi kudanganya kuhusu safari hata moja. Nasema nadhani kwa sababu mwaka 1997 mimi ndiye niliyemwita mwongo, tena kwa maandishi, na mpaka leo sielewi vizuri kilichonipata.

Wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, wakipokelewa Kigoma, kisha wakipelekwa kambini. Wagonjwa na wajawazito walipakiwa katika gari la Mzee Mwinshehe. Mimi, kijana mwenye shahada ya fizikia, nilikuwa msimamizi wa usafiri wa shirika letu.

Masika yale gari lilikwama kwenye tope mara tatu. Nikaamuru lifungwe magurudumu makubwa, yenye rimu nzito za chuma, yaliyotolewa kwenye gari jingine bovu. Yalipatikana manne tu. La akiba likabaki lile dogo la zamani.

Baada ya wiki moja Mzee akaja ofisini.

"Bwana Nikodemu, gari limekuwa zito. Kwenye mlima linahema kama mzee mwenzangu. Breki nakanyaga hapa, linasimama kule."

"Mzee, sasa halikwami. Utalizoea."

Kisha Veneranda, karani wetu aliyeandika kilomita za kila safari, akaona jambo la ajabu. Safari ya kambini, iliyokuwa kilomita tisini miaka yote, sasa ilisomeka themanini na mbili. Na bado Mzee alichelewa karibu saa nzima. Njia imekuwa fupi, safari imekuwa ndefu! Niliitazama karatasi ile kama mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Madereva wenzake hawakutatizika. Kila mmoja alizijua mbinu za kazi: mwenye safari yake ya siri huchomoa waya wa mita inayohesabu kilomita, akazunguka anakotaka, kisha akauchomeka tena. Anayesahau kuuchomeka mapema hupoteza kilomita.

"Shikamoo, Mzee," Veneranda alimtania mbele ya wote. "Huyo mke wako wa siri, wa kule kijijini Kidahwe, anapika nini hata ukasahau waya?"

Mzee alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu utani ukamfikia Safina, mkewe kwa miaka ishirini na sita, naye akafunga nguo zake akahamia kwa kaka yake, mtaa wa Buzebazeba. Nami nikamwandikia barua: amedanganya kuhusu safari zake; ajieleze kabla ya Ijumaa, ama aache kazi.

Alhamisi nilimkuta uwanjani, ameliteremsha gurudumu la akiba, amelikalia. Barua ilikuwa mkononi.

"Wewe umesoma," alisema. "Waya sijaugusa, Wallahi. Basi niambie, kilomita nane zimekwenda wapi? Nimeanza kujishuku mwenyewe. Labda nasinzia njiani. Labda barabara imefupika."

Hakuwa akitania. Nilitafuta la kumjibu, macho yakatua kwenye gurudumu alilokalia, kisha kwenye lile kubwa nyuma yake. Lilimfikia mabegani akiwa amekaa. Damu ilinipanda usoni. Kanuni ya mzunguko wa gurudumu niliifahamu tangu sekondari. Sijui ilijificha wapi wiki zile zote.

"Mzee, una tasbihi?"

Alinitazama kwa mashaka, lakini akaitoa. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi kubwa. Akaendesha polepole, nami nikatembea ubavuni, nikivuta punje moja kila alama ilipogusa ardhi. Punje thelathini na tatu, tukaweka jiwe. Kisha tukaliviringisha gurudumu dogo kutoka palepale tulipoanzia, punje thelathini na tatu. Likaishia hatua nane kabla ya jiwe.

"Mita haioni barabara," nilisema. "Inahesabu mizunguko tu. Gurudumu kubwa linazunguka mara chache, mita inadhani umekwenda karibu. Na kwa kuwa ni kubwa na zito, injini inapata shida kulizungusha, breki zinapata shida kulizuia. Ndiyo maana unachelewa."

Aliligonga tairi kubwa kwa kiatu. "Hayo ya uzito si nilikwambia?"

Nilichukua barua yangu, nikaichana.

"Hiyo ni ya ofisini," akasema. "Ya Buzebazeba nani ataichana?"

Basi jioni ile watu wa Buzebazeba walimwona msomi akiviringisha gurudumu mtaani, tasbihi shingoni, dereva akimfuata kwa gari taratibu. Safina alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilirudia jaribio lote mbele yake. Akaizunguka ile nafasi kati ya gurudumu na jiwe, akaipima kwa hatua zake mwenyewe, mara mbili.

"Nani aliyeamuru gari lifungwe madude haya?"

"Mimi, mama."

Alimtazama mumewe, kisha mimi, kuanzia viatu mpaka tasbihi.

"Kumbe mke wa Kidahwe ndiye huyu," alisema, akaingia ndani kuchukua nguo zake.